Lenzi Iliyokaza Haidai Mafuta

"Shikamoo fundi. Lenzi imekaza, niitilie mafuta gani?" Kabla sijaitikia, kichupa cha mafuta ya cherehani kimeshatoka mfukoni. Vijana wa picha za harusi, Kibondo hadi Kasulu, wamegundua kuwa lenzi ya Helios 44-2 iliyokuwa kwenye kamera ya Zenit ya mzee, ikipata adapta ya M42, inakaa barabara kwenye kamera ya kidijitali. Hongereni. Hicho kichupa rudisheni kwa fundi cherehani.

Pete ya fokasi huzunguka juu ya nyuzi zilizochongwa katika metali. Kiwandani zilipakwa grisi nzito makusudi, ili mkono upate ukinzani laini na fokasi isihame yenyewe. Miaka inakwenda, mafuta ya grisi yanajitenga, kinachobaki kinaganda. Kwa hiyo lenzi yako haijakauka. Imejaa grisi iliyokufa.

Sasa idondoshee mafuta ya cherehani. Pete inalegea papo hapo, nawe unatangaza mtaani kwamba fundi alitaka kukulia hela. Mafuta hayo yametengenezwa mepesi ili yapenye na kusambaa. Cherehani inayataka hivyo, na mwenye cherehani ataiongezea mengine. Ndani ya lenzi yanayeyusha ile grisi kuukuu na kuiburuta hadi kwenye vibati vya tundu la mwanga, ambavyo hufanya kazi vikiwa vikavu kabisa. Helios 44-2 unaifunga tundu kwa mkono, kwa hiyo hutagundua mapema. Kwenye Helios 44M, ambayo tundu lake hujifunga unapobonyeza Zenit, vibati vinanata, vinachelewa, picha inaungua. Ukiiacha lenzi juani ndani ya gari, mvuke wa mafuta unatua kwenye vioo na picha inafifia. Vumbi letu jekundu likichanganyika na mafuta hayo, umejitengenezea dawa ya kusagia nyuzi.

WD-40 nayo? Ilitengenezwa mwaka 1953 kufukuza maji, na sehemu yake kubwa ni kiyeyushi kinachopotea hewani. Vaseline? Hulainika na kutiririka kwenye joto. Mawese? Asubuhi ya baridi huganda, baadaye huchacha. Yapelekeni jikoni.

Haya, kazi yenyewe. Piga picha kila hatua ya kufungua. Weka alama mahali nyuzi zinapoachana, kwa sababu zina mianzo kadhaa. Ukizirudisha kwenye mwanzo usio wake, fokasi ya mbali huipati tena. Osha nyuzi kwa petroli ya viberiti, nje, mbali na moto, mpaka kitambaa kitoke safi. Paka kwa brashi utando mwembamba wa grisi ya sinthetiki ya vifaa vya macho: ya wastani kwa lenzi ya kawaida, nyepesi zaidi kwa lenzi ndefu yenye nyuzi pana, la sivyo utaizungusha kwa mikono miwili. Grisi ya beringi za gari iache. Hutoa mafuta ikipata joto. Vibati vioshwe, vikauke, visipakwe chochote.

Grisi hiyo hukuipata? Basi usiguse kitu. Lenzi iliyokaza bado inapiga picha. Iliyotiwa mafuta nitaifungua yote, na bei yake hatutapatana kirahisi.