Mpira wa maji usiofungwa kwenye tela ni hatari barabarani

KAZI ya kuosha magari, kuta na vibaraza kwa mashine za presha haihitaji tena mteja kufunga safari hadi kituoni. Mwenye mtaji mdogo anaweza kufunga tangi, mashine ya petroli na mipira ya maji juu ya tela, akalivuta kwa gari dogo na kumfuata mteja nyumbani kwake, iwe Tegeta, Bunju, Mbagala au Chamazi.

Anayenunua vifaa vya kazi hiyo huitazama zaidi injini, kisha pampu, kisha tangi. Mpira huja mwisho, na ngoma yake, yaani lile gurudumu la chuma la kuviringishia mpira, huonekana kuwa ni pambo tu. Lakini kifaa kinachoweza kumjeruhi mpita njia ambaye hata hakuomba kuoshewa kitu ni mpira huo huo.

Kwanza ni vyema msomaji akaelewa kwa nini tela la namna hii hubeba maji yake lenyewe. Wakazi wa Dar es Salaam wanakumbuka mwishoni mwa mwaka 2022, pale kina cha maji ya Mto Ruvu kiliposhuka na DAWASA ikalazimika kutangaza mgawo. Hata katika siku za kawaida si kila nyumba ya pembezoni ina maji ya bomba muda wote, na mteja hapendi kuona maji ya tangi lake yakimwagwa juu ya magurudumu ya gari.

Tangi la lita 1,000 likijaa lina uzito wa tani moja, mbali na chuma cha tela lenyewe. Likiwa nusu, maji huyumba mbele na nyuma kila dereva anapokanyaga breki. Ongeza hapo matuta ya barabara za mitaani na mashimo ya masika, na utaona kwamba kila kilichofungwa kwa kubahatisha juu ya tela hilo kitalegea kabla ya kufika kwa mteja.

Mpira nao una uzito wake. Ule mnene wa kuvuta maji, wenye tundu la robo tatu ya inchi na urefu wa mita 50, hubaki na takriban lita 14 za maji usipomiminwa. Hizo ni kilo 14 za maji peke yake zinazotikisika juu ya ngoma. Ule mwembamba wa presha, wenye tundu la inchi 3/8, hubeba lita tatu na nusu hivi kwa urefu huo huo.

Ngoma isiyofungwa hujizungusha yenyewe kwa mtikisiko. Mzunguko wa kwanza hulegea, wa pili huteleza, kisha ncha hudondoka lami na kuanza kuburuzwa. Dereva aliye mbele haoni kitu. Nyuma yake yupo kijana wa bodaboda, na mpira ukinasa katika gurudumu la pikipiki, ngoma itaendelea kuufungua hadi ufike mwisho wake. Hapo kitakatika kiungo au ataanguka mtu.

Wengi hudhani kuwa skrubu ya kukazia iliyo ubavuni mwa ngoma inatosha. Skrubu hiyo ni breki tu, kazi yake ni kuizuia ngoma isizunguke ovyo wakati mpira unavutwa, na hulegea kwa mtetemo. Kinachotakiwa safarini ni pini ya chuma inayopita katika tundu la ubavu wa ngoma na kuingia katika fremu ya tela. Fundi wa kuchomelea aliyezoea kazi huiweka kwa muda mfupi, nayo ifungwe kwa mnyororo mfupi ili isipotee.

Pini huizuia ngoma, lakini haiuzuii mpira. Kwa hiyo upitishwe mkanda juu ya mizunguko yote, ukazwe pande mbili za fremu. Mikanda ya kukazia mizigo wanayotumia madereva wa malori inafaa sana. Kamba za tyubu za waendesha bodaboda si mbaya kwa safari fupi, ila jua huzikausha na kuzipasua, na siku zinapokatika hazitoi taarifa.

Aidha, ile bunduki ya kurushia maji isiachwe ikining'inia. Bomba lake la chuma lina urefu unaokaribia mita, na likichomoka kwenye mwendo halina tofauti na fimbo iliyorushwa. Ivuliwe na kuwekwa ndani ya sanduku au katika kishikio chake, na ncha ya mpira ifungwe kwenye fremu.

Kabla ya yote hayo, presha itolewe. Hapa ndipo vijana wengi hufanya haraka. Tairi la gari dogo hujazwa upepo wa baa 2 hivi, ilhali mashine nyingi za kazi hii husukuma maji kwa baa 150, yaani mara 75 ya tairi hilo. Mashine ikizimwa, presha hubaki imejifungia ndani ya mpira. Zima injini, funga maji, kisha bonyeza kifyatuo cha bunduki hadi maji yaache kutoka.

Maji ya presha hiyo yakipenya tundu dogo la mpira yanaweza kutoboa ngozi na kuingia chini yake. Kidonda huonekana kama alama ya sindano, na mwenye kuumia hucheka na kuendelea na kazi, kumbe ndani uchafu umeshasambaa. Jeraha la namna hiyo ni la kukimbizwa hospitali siku hiyo hiyo, hata kama haliumi, na daktari aelezwe wazi kuwa limesababishwa na mashine ya presha.

Katika kuviringisha, mpira upangwe mstari kwa mstari huku mkono mmoja wenye glovu au kitambaa ukiuongoza. Mpira uliorundikwa upande mmoja hujibana, na ukivutwa hujikunja na kuvunja waya za ndani.

Kiini cha ngoma nacho kina maneno. Mpira wa inchi 3/8 wenye safu moja ya waya hupenda mzunguko mpana, na kiini chenye kipenyo cha sentimeta 25 hivi huupa nafasi ya kutosha. Ukiuzungushia juu ya bomba la inchi mbili lililobaki kwenye kazi ya geti, unauua taratibu. Na wakati wa kazi usiuvute wote. Iache mizunguko miwili au mitatu juu ya ngoma ili nguvu ya mvutaji isiangukie kwenye kiungo.

Kuna kipande kifupi kinachosahauliwa kuliko vyote, kile kinachotoka kwenye pampu kuingia kwenye ngoma. Kisipobanwa kwa klipu husugua ukingo wa fremu au hugusa ekzosi. Kivishwe gamba la mpira mkuukuu pale kinapopita kwenye chuma.

Je, ni lazima kununua ngoma ya dukani? Kwa maoni ya mwandishi huyu, hapana. Mafundi vyuma wa Gerezani wanaweza kuunda ngoma imara kwa mabapa na nondo. Usichokifanyia majaribio ni kile kiungo kizungukacho kinachopitisha maji katikati ya ngoma. Hicho kinunuliwe kilichoandikwa presha yake, na oringi zake zibadilishwe kinapoanza kudondosha maji. Wanaofanya kazi karibu na bahari, kama Kunduchi na Kigamboni, waipake grisi pini mara kwa mara, vinginevyo chumvi itaigandisha.

Usiku, kufuli lichukue nafasi ya pini. Vibaka hawahitaji kuiba tela zima ili kukusimamisha kazi. Mpira peke yake unawatosha.

Baada ya kuondoka nyumbani, dereva asimame akishavuka matuta ya kwanza, azunguke tela na kuvuta mkanda kwa mkono. Akiona uvimbe juu ya mpira, au waya umetokeza, asiufunge plasta. Kipande hicho kikatwe na mwenye mashine ya kubana viungo aweke kichwa kipya, au mpira wote ubadilishwe, kabla injini haijawashwa tena.