Mishale iliyo nyuma ya bili ya maji

Mkazi wa Nyasho mjini Musoma akitaka kulipa bili ya maji anahitaji simu na kontroo namba tu. Anabonyeza, ujumbe unarudi, basi. Nyuma ya ujumbe huo kuna mfumo wa ankara wa MUWASA (mamlaka ya maji ya Musoma), mtandao wa simu, na GePG, lango la malipo la Serikali lililoanza kazi mwaka 2017. Kila mfumo una mwenyewe. Nani anaujua mnyororo mzima?

Wasanifu wa mifumo ya taasisi huuchora. Lugha yao ya michoro, ArchiMate, ilizaliwa Uholanzi mwanzoni mwa miaka ya 2000 na sasa inalelewa na The Open Group. Programu ya kuichorea, Archi, hupatikana bure. Visanduku havisumbui: kwa mazoea, njano ni shughuli, buluu ni programu, kijani ni mitambo. Ugomvi uko kwenye mistari.

Chukua umeme. TANESCO, shirika la umeme, inaihudumia pampu inayovuta maji ziwani. Mshale uelekee wapi? Wanaoanza huuelekeza TANESCO, maana pampu ndiyo tegemezi. ArchiMate inataka kinyume chake: mshale humwendea anayehudumiwa. Ukigeuza, umeandika kwamba pampu inaihudumia TANESCO, na programu haitakukatalia.

Tangu toleo la 3.0 la mwaka 2016, mashine, mabomba na hata maji yenyewe vina alama zake. Kwa hiyo bomba la Mugango, Kiabakari hadi Butiama linaweza kukaa mchoro mmoja na seva ya ankara. Tatizo ni tamaa. Ukiweka kila kitu, unapata nyavu za dagaa zilizosokotana mwaloni Mwigobero.

Dawa ni kutenganisha hazina ya vipengele na mchoro. Kipengele huhifadhiwa mara moja, kikachorwa katika michoro kumi. Kukifuta kwenye mmoja hakukiondoi hazinani. Archi ina dirisha ambalo ukichagua kisanduku kimoja linakuonyesha majirani zake, hatua moja, mbili au zaidi. Kwangu dirisha hilo lina thamani kuliko bango lolote la ukutani.

Mkurugenzi naye hahitaji kuiona pampu. Kwa kuwa TANESCO inaihudumia pampu, na pampu inahudumia usambazaji wa maji, kanuni za ArchiMate zinaruhusu mshale mmoja kutoka TANESCO hadi usambazaji. Fundi atabaki na mchoro wake mrefu.

Nisichokipenda ni kupachika kisanduku ndani ya kingine ili mchoro upendeze. Je, kile cha ndani ni sehemu ya kile cha nje, au kimekabidhiwa kazi yake tu? Mstari uliofichwa hausemi. Siku mteja analalamika kwamba pesa imekatwa na deni liko palepale, mhudumu wa dirishani anahitaji mshale unaoonekana, ajue ampigie nani kwanza: wa benki, wa mtandao wa simu, au wa ankara chumba cha pili.