Bustani ya kwanza Lubondja: anza na chungu

Katika nyumba nyingi za Lubondja, kwenye vilima vya Fizi, chakula cha jioni hujulikana hata kabla ya moto kuwashwa: bugali wa muhogo, sombe au lengalenga, na ndagala wa Ziwa Tanganyika wakipatikana. Familia inayotaka kulima bustani yake ya kwanza ianzie hapo. Kabla ya kushika jembe, ihesabu mboga zinazoingia chunguni kwa wiki nzima, kisha iangalie zipi hununuliwa. Hizo ndizo za kupanda kwanza.

Wengi hufanya kinyume. Hukimbilia kabeji na nyanya kwa kuwa zina bei sokoni Baraka, kumbe ndizo zinazomsumbua zaidi mlimaji mgeni. Kabeji hukaa ardhini miezi mitatu hivi na kuvunwa mara moja tu. Nyanya huliwa na ukungu mvua zikizidi. Lengalenga huanza kukatwa wiki 3 au 4 tangu kupandwa, na matembele hayachelewi sana.

Ukaribu wa bustani una uzito wa pekee huku. Mapigano yaliyopamba moto mwaka 2019 katika milima ya kuelekea Minembwe yalihamisha watu wengi sana, na shamba la mbali likawa mahali pa kwenda kwa hofu, hasa kwa akina mama. Mboga iliyo hatua 10 kutoka jikoni haimlazimishi mtu kwenda huko.

Je, bustani hiyo iwe kubwa kiasi gani? Shirika la Afya Duniani linashauri kila mtu ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku. Kwa nyumba ya watu 7, hizo ni karibu kilo 3 kila siku, mzigo ambao bustani ya kwanza haiwezi kuubeba. Lengo linalofaa ni mboga za jioni tatu au nne kwa wiki. Matuta manne ya upana wa mita 1 na urefu wa mita 4 au 5 yanatosha kuanzia. Upana usizidi hapo, ili mkono ufike katikati bila mguu kukanyaga udongo uliokwisha kulainishwa.

Matuta mawili yawe ya lengalenga, lakini yasipandwe siku moja. La pili lingoje wiki mbili, ili la kwanza likichoka, jingine liwe tayari. Mbegu zake ni ndogo mno: zichanganywe na mchanga mkavu, zinyunyizwe kwenye mifereji isiyo na kina, zifunikwe udongo kidogo na nyasi kavu hadi zichipue. Wakati wa kuvuna mche using'olewe. Ukatwe kwa kisu upana wa kiganja kutoka ardhini, na vichipukizi vya chini vitatoa majani tena.

Tuta la tatu lipewe viazi vitamu, na zikipatikana, mbegu za viazi vya rangi ya chungwa. Majani ni matembele, na kiazi cha rangi hiyo kina vitamini A: gramu 125 hivi zinamtosha mtoto mdogo kwa siku. Mganda Robert Mwanga, aliyetumia miaka mingi kuzalisha mbegu za viazi hivi, alikuwa mmoja wa washindi wanne wa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016. La nne libaki la maharage na bilinganya.

Muhogo wa sombe uwekwe pembeni usitie kivuli. Vijiti vikatwe kwenye shina ambalo majani yake hayana mabaka wala mikunjo, kwa sababu batobato, ugonjwa ulioelezwa na wataalamu tangu 1894 katika Tanzania bara ya leo, husafiri ndani ya kijiti chenyewe. Majani yasichumwe ovyo. Shina lililonyang'anywa majani kila mara huzaa mizizi midogo.

Kabla ya yote, bustani izungushiwe ua. Kuku wawili humaliza tuta la miche asubuhi moja, na mbuzi haachi hata mashina. Matete yaliyosukwa yanatosha.

Maji yanataka uangalifu, maana Fizi ni kati ya maeneo yanayorudiwa na kipindupindu. Maji ya mto yamwagwe kwenye shina, si juu ya majani, na mboga ioshwe kwa maji safi kisha ipikwe. Maji ya kuogea yana sabuni. Yaende kwenye mgomba au mpapai.

Mpangaji, au aliyekimbia vita na kupewa chumba tu, anaweza kutumia gunia. Huko Kibera, Nairobi, shirika la Solidarités International lilianza kueneza bustani za magunia mwaka 2008. Kopo lisilo na kitako husimamishwa katikati ya gunia na kujazwa kokoto, udongo wenye mbolea huzungushwa nje yake, kisha kopo huvutwa juu kidogo na kujazwa tena, mpaka gunia lijae. Kokoto hupitisha maji hadi chini, na matembele huchomekwa juu na kwenye matundu ya ubavuni.

Kiangazi cha Juni hadi Agosti ni wakati wa kujenga ua na kuozesha samadi ya mbuzi, ili mvua za Septemba zikute matuta tayari. Kiangazi kinachofuata, vipande vichache vya matembele vihifadhiwe mahali penye unyevunyevu karibu na mahali pa kuogea. Bila hivyo, familia italazimika kuomba mbegu kwa jirani mvua zikirudi.