"Notisi" kazini maana yake nini?

Umepata kazi yako ya kwanza, iwe dukani, hotelini au kwenye shamba la chai. Ndani ya mkataba utakutana na neno notisi. Wengi hulipita haraka, kisha linawagharimu siku ya kuondoka.

Notisi ni taarifa ya maandishi inayotolewa mapema kabla ajira haijavunjwa. Si barua ya kufukuzwa tu. Mwajiri anayekuachisha anapaswa kuitoa, na wewe unayeacha vilevile. Ndiyo maana utasikia mtu akisema, "Nimetoa notisi, naondoka mwisho wa mwezi."

Hapa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka muda usiopungua:

- Siku 7, ajira ikivunjwa ndani ya mwezi wa kwanza.
- Siku 4 baada ya hapo, kwa aliyeajiriwa kwa siku au kwa wiki.
- Siku 28 kwa aliyeajiriwa kwa mwezi.

Mkataba unaweza kuweka muda mrefu zaidi, mradi ulingane kwa pande zote mbili. Notisi itaje sababu na tarehe iliyotolewa. Pia hairuhusiwi kukupa notisi ukiwa likizo.

Je, bosi akisema, "Kesho usije"? Anaweza kukulipa ujira wa siku hizo badala ya kukuacha uzifanyie kazi. Hayo ndiyo malipo badala ya notisi. Nawe ukikataa kufanya kazi katika siku za notisi, mwajiri anaweza kukata kiasi hichohicho kwenye fedha unazomdai.

Tusichanganye malipo haya na kiinua mgongo. Hicho kina masharti yake, na aliyelipwa kimoja asidhani amemaliza haki zake zote.

Tena, notisi peke yake haihalalishi kuachishwa kazi bila sababu ya msingi. Ukiona umeonewa, peleka lalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30 tangu kuachishwa. Usikae nyumbani ukisubiri kuitwa.

Tunashauri jambo moja: ukitoa au ukipokea notisi, baki na nakala. Kama huna mashine ya kutoa nakala karibu, ipige picha kwa simu yako, tarehe na sahihi zionekane vizuri.