Fosforasi Isiyotulia Ndani ya Voyager

Vyombo vya anga Voyager 1 na Voyager 2, vilivyorushwa na Marekani mwaka 1977, havitegemei mwanga wa jua. Kila kimoja kina jenereta tatu zinazogeuza joto la plutoni-238 kuwa umeme bila kifaa chochote kinachozunguka. Viliporushwa, kila chombo kilipata takriban wati 470. Kufikia Oktoba 2011 ilibaki asilimia 57 hivi ya umeme huo, ilhali plutoni, ambayo hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 87.7, ilikuwa bado inatoa zaidi ya asilimia 75 ya joto lake.

Pengo hilo lina sababu mbili kuu. Joto likipungua, ufanisi wa jenereta nao hushuka. Pia mata inayozalisha umeme huchakaa, na hapo ndipo fosforasi inapoingia.

Mata yenyewe ni aloi ya silikoni na gerimani. Upande mmoja ukipashwa moto na mwingine ukiwa baridi, elektroni husogea kuelekea kwenye baridi na volteji hupatikana. Lakini aloi tupu ina elektroni huru chache mno, kwa hiyo hutiwa dopanti, yaani elementi nyingine kwa kipimo kidogo. Silikoni ina elektroni nne za nje, fosforasi ina tano. Atomi ya fosforasi ikikaa kwenye nafasi ya silikoni, elektroni ya tano hubaki huru. Aloi yenye fosforasi ni mguu mmoja tu wa jenereta, yaani kipande kimoja cha jozi; mguu wa pili hutiwa boroni, yenye elektroni tatu, ambayo huacha nafasi wazi zinazobeba chaji chanya.

Elektroni zikiwa haba, umeme haupiti vizuri. Zikizidi, volteji hushuka na joto huvuja zaidi. Katika aloi hii, kipimo kinachofaa ni pungufu ya atomi moja ya dopanti kwa kila mia.

Hata kipimo hicho hakifai kitu kama atomi hazikukaa mahali pake. Chai ya moto huyeyusha sukari nyingi, na ikipoa sukari iliyozidi hutuama. Aloi nayo hubeba fosforasi nyingi zaidi ikiwa moto. Mguu wa fosforasi katika jenereta ya Voyager ulianza kazi ukiwa na nyuzi joto zipatazo 1,000 za Selsiasi upande wa moto na 300 upande wa baridi. Kwenye moto mkali fosforasi hubaki imeyeyuka. Kwenye baridi imezidi, lakini atomi hazina nguvu ya kuhama. Katikati ndipo penye balaa: imezidi na inaweza kusogea. Hujikusanya kuwa vidonge vidogo, na atomi iliyo ndani ya kidonge haitoi elektroni. Ukinzani wa umeme hupanda mwaka baada ya mwaka.

Wataalamu wana mbinu za kupanga dopanti. Mojawapo ni kuongeza kipimo kuelekea upande wa moto, ambako elektroni nyingi zaidi zinahitajika. Nyingine ni kuiweka ndani ya chembe ndogo tu, ili elektroni zimwagike kwenye mata safi iliyozizunguka na kupita bila kugongana na atomi ngeni.

Kwa hiyo ukisoma kwamba mata mpya imevunja rekodi ya ufanisi, uliza swali moja: ilipimwa siku ilipotoka tanurini, au baada ya maelfu ya saa kazini?