MTOTO MDOGO NA LUGA MBILI: ANAZIPATA WAPI?



Hapa Bukavu mtoto anazaliwa katikati ya luga nyingi. Nyumbani bibi anasema Mashi, ao Kirega, ao Kihavu. Barabarani na katika soko la Kadutu ni Kiswahili. Masomoni ni Kifaransa. Kwa hiyo wazazi wanajiuliza: mtoto asemeshwe luga gani? Wengine wanakata neno mbio: «Tumusemeshe Kifaransa tu, hizi zingine zitamuchanganya kichwa.» Basi wanakataza Mashi nyumbani, na kumweka mtoto mbele ya televizio ili asikie Kifaransa.

Neno hili linatuhusu sisi pia. Wengi wetu tunalea wadogo wetu wakati wazazi wako sokoni, na wenzetu wa pedagojia watakuwa waalimu kesho. Tuangalie basi mambo ambayo wenye elimu wamekwisha kuona.

1. SIKIO LA MTOTO

Mtoto wa miezi 6 anatofautisha sauti nyingi za luga za dunia, hata zile ambazo wazazi wake hawazijui. Kabla ya kutimiza mwaka mmoja sikio lake linaanza kuchagua: linashika sauti anazosikia kila siku, na zingine linaanza kuziacha. Katika Kichina cha Mandarini, «ma» ya sauti ya juu ni mama, lakini «ma» ya sauti inayoshuka kisha kupanda ni farasi. Mashi yetu nayo inapandisha na kushusha sauti. Ndiyo maana mtu aliyejifunza Mashi katika ukubwa, mara nyingi anajulikana akifungua kinywa tu.

Mwaka 2003 Patricia Kuhl na wenzake wa Seattle, kule Marekani, walitangaza jaribio lao. Walichukua watoto wa miezi 9 ambao nyumbani walisikia Kingereza tu. Watu wanaosema Mandarini walikuja kucheza nao na kuwasomea vitabu, mara 12. Kisha watoto wakapimwa, na ikaonekana kwamba wanatofautisha sauti za Kichina. Watoto wengine walipewa maneno yaleyale kwa televizio, na wengine kwa sauti ya mashini tu. Hao hawakushika kitu.

Maana yake ni nini? Mtoto mdogo anapokea luga toka kwa mtu. Mtu anamwangalia usoni, anaona kile anachokishika mkononi, anangoja ajibu. Televizio inasema, lakini haisikilizi.

2. JE, LUGA MBILI ZINACHANGANYA KICHWA?

Zamani hata wenye elimu wengi walifikiri hivyo. Lakini mwaka 1962 Elizabeth Peal na Wallace Lambert walipima watoto wa miaka 10 kule Montreal, Kanada. Wale waliojua Kifaransa na Kingereza walifaulu kuliko wale wa luga moja. Tangu wakati ule wengi wamepima tena. Hawapatani wote kama luga mbili zinaongeza akili. Lakini kwamba zinaharibu akili, hilo halikuonekana.

Mtoto akisema «Mama, donne maji», si ugonjwa. Amechukua neno lililokuwa karibu. Pengine katika kila luga anajua maneno machache kuliko mtoto wa luga moja, lakini ukihesabu ya pande zote mbili pamoja, hajapungukiwa.

3. INCHI ILIYOJARIBU

Kule Singapore watoto wa ukoo wa Kichina wanafundishwa Kingereza na Mandarini tangu shule ya watoto wadogo. Lakini wazee wao wengi nyumbani hawakusema Mandarini. Walisema Hokkien, Teochew ao Cantonese. Mwaka 1979 serikali ya Lee Kuan Yew ilianza kuhimiza watu waache luga zile na kusema Mandarini. Mandarini ikaenea kweli, lakini katika jamaa nyingi wajukuu walishindwa kuzungumza na bibi zao.

Kisha Kingereza, luga ya masomo na ya kazi, kikaingia nyumbani pia. Mwaka 2010, katika watu 100 wa Singapore, 32 hivi walisema zaidi Kingereza nyumbani. Mwaka 2020 walikuwa 48. Wale wa Mandarini walipunguka toka 36 hivi mpaka 30. Tunaona ya kwamba luga ya masomo inajifungulia mlango yenyewe. Luga ya nyumbani ndiyo inahitaji kulindwa.

4. NA KWETU?

Mwaka 1962 programu ya masomo iliweka Kifaransa tangu mwaka wa kwanza wa primere. Mwaka 1974, wakati wa Zaire, wataalamu wa luga walikutana Lubumbashi wakaomba luga zetu zirudi darasani. Katiba ya 2006 inataja luga nne za taifa: Kikongo, Lingala, Kiswahili na Tshiluba. Sheria ya elimu ya 2014 inasema Kifaransa ni luga ya kufundishia, lakini inakubali pia luga za taifa na luga za pahali.

Mtoto anayejua kueleza jambo, kuhesabu na kuuliza «juu ya nini?» kwa luga yake, anapeleka akili hiyo katika Kifaransa. Lakini yule asiye na luga hata moja iliyojaa anakariri tu. Anasoma kwa sauti nzuri. Muulize amesoma nini, ananyamaza.

5. TUFANYE NINI?

a) Kila mtu amsemeshe mtoto luga anayoijua vizuri. Mfaransa Jules Ronjat aliandika mwaka 1913 ginsi alivyomlea mwana wake: baba alisema Kifaransa, mama Kijeremani, na mtoto akajua zote mbili. Kwetu bibi aseme Mashi, sisi tuseme Kiswahili, bila haya.

b) Tusimcheke mtoto akikosa neno. Tumrudilie neno sawasawa, tuendelee na mazungumzo.

c) Tumpe hadithi na vitendawili vya kwetu, tena tumwachie nafasi ya kujibu.

d) Kifaransa tumpe kwa kitabu, tukisoma naye na kumweleza maana. Kama ni televizio, tuketi naye, tumwulize anaona nini.

Mtoto aliyenyimwa Mashi akifika Walungu ao Kabare kwa kilio, anaketi kama mgeni katika jamaa yake. Bibi ana maneno ya kumwambia, naye hawezi kuyapokea. Kifaransa kitamngoja masomoni, lakini bibi hatakuwako siku zote. Basi jioni hii, ukiwa umembeba mdogo wako, zungumza naye.

Mwanafunzi wa pedagojia