Tusikilaumu kinanda, tuyafunze masikio

Kila msimu wa mashindano ya muziki unapokaribia, mjadala ule ule huzuka miongoni mwetu walimu huku Kombewa. Wapo wanaodai kwamba kinanda cha umeme kimekuja kuiua nyatiti. Wapo pia wanaojibu kwamba nyatiti imepitwa na wakati, na kwamba kinanda kimoja chenye sauti za kila ala chaitosha shule nzima. Kwa maoni yangu, pande zote mbili zimekosea, na shahidi wangu ni wimbo mmoja wa filamu ya Kihindi.

Mwaka 1954 ilitoka Bombay filamu iitwayo Nagin, yaani nyoka jike. Muziki wake ulitungwa na Hemant Kumar, na wimbo uliovuma kuliko yote, "Man Dole Mera Tan Dole", uliimbwa na Lata Mangeshkar. Ndani yake husikika zumari ya mcheza nyoka, ile pungi ya kibuyu yenye mianzi miwili: mmoja hushikilia sauti moja bila kukoma, na wa pili hucheza wimbo. Kumbe katika kurekodi hapakutumika kibuyu wala mwanzi! Sauti ile ilitoka katika klaviolini, kinanda kidogo cha umeme, kilichopigwa na kijana Kalyanji Virji Shah, naye Ravi akimsindikiza kwa hamoniamu. Wote wawili walikuwa wasaidizi wa Hemant Kumar, na baadaye wakawa watunzi mashuhuri.

Klaviolini ilibuniwa na Mfaransa Constant Martin mwaka 1947. Ilitoa sauti kwa valvu kama zile za redio za zamani, na mchezaji aliikuza au kuipunguza sauti hiyo kwa wenzo uliosukumwa kwa goti. Haikuweza kutoa sauti mbili kwa pamoja. Ungebonyeza vitufe viwili, kimoja tu ndicho kingelia. Haikufaa basi kuisindikiza kwaya kama ifanyavyo piano. Ilifaa kuimba wimbo mmoja mtupu, kama orutu yetu ya uzi mmoja.

Mwaka 1962, mjini London, Joe Meek alirekodi "Telstar" na bendi ya Tornados kwa kutumia kinanda cha jamii hiyo hiyo. Kusudi lake lilikuwa kuisifu setilaiti ya jina hilo iliyorushwa angani Julai mwaka huo. Rekodi hiyo iliifanya Tornados kuwa bendi ya kwanza ya Uingereza kushika nafasi ya kwanza katika orodha ya nyimbo zinazovuma Marekani. Tazama basi: kinanda cha aina moja kilimwita nyoka Bombay na kuimba habari za anga London. Tofauti ilitoka kwa wachezaji na yale waliyokuwa wamezoea kuyasikia.

Katika klaviolini hapakuwa na kitufe kilichoandikwa pungi. Kalyanji, mzaliwa wa Kutch, alilazimika kuijua pungi kwanza, pumzi yake isiyokatika na mtetemo wake, ndipo aitafute katika swichi za kinanda. Vijana wa Nyanza waliounda benga walifanya vivyo hivyo. Gitaa la umeme liliwajia kutoka ugenini bila nyatiti ndani yake. Nyatiti ilikuwa masikioni mwao, wakaihamishia vidoleni.

Mwanafunzi wa leo yu katika hali nyingine. Kinanda chake kina mamia ya sauti zilizokwisha tengenezwa, naye hubonyeza jina la ala asiyopata kuisikia. Hawezi kujua kama sauti hiyo ni ya kweli au ni ya kubuni. Siku jathum wa mwisho wa kijiji atakapozikwa, nani atakuwepo wa kumsahihisha?

Napendekeza kwamba shule inayonunua kinanda imwalike kwanza mzee mpiga nyatiti akae na wanafunzi muhula mmoja. Wazisikie nyuzi nane, wausikie mlio wa pete ya chuma ya kidole gumba cha mguu ikiugonga mbao za ala. Kisha kila mwanafunzi auimbe wimbo kwa mdomo kabla hajaugusa kwenye kinanda.

Najua mtajibu kwamba muda ni haba na fedha ni chache. Lakini nauli ya mzee na shukrani yake haziwezi kufikia bei ya kinanda, na saa moja kwa juma haitaivuruga ratiba. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Walimu wenzangu, tuanze muhula ujao, wazee hao wangali nasi.